Barolo: ya kunywa leo au ya kuweka?

Anayepewa chupa ya mvinyo wa bei kubwa huanza kujiuliza papo hapo: niifungue, au niiache ikomae? Watu wengi wameaminishwa kwamba mvinyo wowote mwekundu huwa bora kadiri unavyokaa, na kwa imani hiyo kuna makabati ya sebuleni yaliyojaa chupa zilizokwisha kufa bila mwenye nyumba kujua. Sehemu kubwa ya mvinyo unaouzwa duniani umetengenezwa unywewe ndani ya mwaka mmoja au miwili tangu uingie dukani, ladha ya tunda ikiwa bado imechangamka. Mvinyo wa kawaida wa supamaketi hauwekwi. Ukiuweka miaka mitano hupati kitu bora kuliko ulichonunua, unapata kitu kilichochoka.

Makala haya basi yanahusu ile sehemu ndogo inayobaki. Ili tusiongee hewani nitachukua mvinyo mmoja ambao, kwa maoni yangu, unafundisha habari ya kukomaa kuliko mwingine wowote: Barolo, wa vilima vya Langhe katika mkoa wa Piemonte, kaskazini-magharibi mwa Italia. Ukiuelewa huo, utajua namna ya kuipima chupa ya Bordeaux, ya Stellenbosch au ya kwingineko.

Barolo hutengenezwa kwa zabibu za aina moja tu, Nebbiolo, zinazolimwa katika vijiji 11 karibu na mji wa Alba. Sheria yake haina mchezo. Mvinyo lazima ukae miezi 38 kuanzia tarehe 1 Novemba ya mwaka wa mavuno, na miezi 18 kati ya hiyo iwe ndani ya mapipa ya mbao. Lebo ikiandikwa Riserva, muda unafika miezi 62. Zabibu zilizochumwa mwaka 2021 hazikuruhusiwa kuuzwa kwa jina la Barolo kabla ya Januari 2025. Wenyeji hawakuweka sheria hiyo kwa madaha. Nebbiolo changa ni kali mno, na wao ndio wa kwanza kukiri hilo.

Mimina kidogo kwenye glasi kubwa uone. Jambo la kwanza litakalokushangaza ni rangi. Ukizoea Cabernet Sauvignon ya Afrika Kusini, ile nyeusi inayotia doa kitambaa cha meza, utadhani umeuziwa mvinyo uliotiwa maji. Inamisha glasi juu ya karatasi nyeupe yenye maandishi na utayasoma maandishi hayo kupitia mvinyo wenyewe, huku ukingoni rangi ikielekea kwenye ya matofali hata kama chupa haina miaka sita. Nusa. Harufu ya waridi inakuja mbele, nyuma yake matunda mekundu, kisha kitu kinachokumbusha lami ya moto barabarani, na kwa mbali viungo vitamu. Sasa kunywa funda moja na ulizungushe mdomoni kabla ya kumeza. Hapo ndipo wageni hukunja uso. Ukakasi unashika fizi, unakausha ulimi, mdomo unakuwa kama wa mtu aliyeng'ata bibo lisiloiva. Halafu uchachu unakuja kuyaita mate yarudi.

Kwa hiyo lile neno la mitaani kwamba mvinyo mweusi zaidi ndio wenye nguvu zaidi, liache. Nebbiolo ina rangi hafifu na bado ni miongoni mwa zabibu zinazotoa mvinyo wenye maisha marefu kabisa duniani. Uhai wa mvinyo haumo kwenye rangi. Umo kwenye mambo ambayo macho hayayaoni.

La kwanza ni tanini, ndizo zinazoleta ukakasi. Hutoka kwenye maganda na mbegu za zabibu, na kiasi fulani kwenye mbao za pipa. Mvinyo ukiwa mchanga, tanini hudaka protini za mate, ndiyo maana mdomo hukauka. Miaka ikipita, kwa msaada wa hewa kidogo sana inayopenya kwenye kizibo, huungana zenyewe kwa zenyewe na kwa chembe za rangi, hubadilika umbo, na nyingine huwa nzito zikatuama chini ya chupa. Mashapo unayoyaona kwenye chupa kuukuu si uchafu wala dalili ya ulaghai. Ni ukakasi na rangi vilivyokwisha kuuacha mvinyo.

La pili ni asidi. Hii ndiyo mlinzi wa nyumba: inazuia bakteria, inapunguza kasi ya kuharibika, na baada ya miaka 20 bado iko karibu vilevile ilivyokuwa. Nebbiolo huchelewa sana kuiva. Mara nyingi huchumwa Oktoba, ukungu ukiwa umeshaanza kushuka mabondeni, na baridi ya usiku wa vuli huisaidia kutunza uchachu wake. La tatu ni tunda lenyewe, yaani wingi wa ladha uliomo tangu mwanzo. Hili watu hulisahau. Tunda hupungua kila mwaka, na nafasi yake huchukuliwa na harufu za ukomavu: waridi lililokauka, ngozi, tumbaku, uyoga, udongo uliolowa. Kama tunda lilikuwa haba tangu mwanzo, tanini zitakapolainika hutakuta kitu chini yake.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wauzaji wanaosema mvinyo mkali "utatulia ukiuweka". Mvinyo ukiwa mchanga unaweza kuwa mgumu na bado ukawa na uwiano: ukakasi mwingi, uchachu mwingi, na tunda jingi la kuvibeba vyote viwili. Huo uweke. Ukiwa na ukakasi mwingi na tunda kidogo, miaka haitaongeza kisichokuwepo.

Utajuaje basi? Kuna kipimo rahisi kisichohitaji utaalamu. Fungua chupa jioni, kunywa nusu, rudisha kizibo na uiweke mahali pa baridi. Onja tena kesho yake jioni. Mvinyo ulionuna jana, leo ukiwa umefunguka, harufu imeongezeka na ukakasi umepoa kidogo, una miaka mingi mbele yake. Ukikuta umekuwa mwembamba, una harufu ya siki au ya tofaa lililokatwa likaachwa, basi wenzake walioko kabatini wanyweni mapema. Kipimo hiki si kamili, kwa kuwa hewa ya siku moja haifanyi kazi yote ya miaka kumi, lakini nakiamini kuliko nyota na alama za mia zilizobandikwa shingoni mwa chupa. Ndiyo maana nashauri kununua chupa tatu za mvinyo mmoja badala ya chupa moja moja za aina tatu. Ya kwanza ni ya kuonja, ya pili ya kukagua mwendo, ya tatu ya kufurahia.

Lebo nayo husema mengi ukijua kuisoma. Tazama kijiji kwanza. Upande wa magharibi, La Morra na kijiji chenyewe cha Barolo, udongo ni laini zaidi na mvinyo hutoka na harufu nyingi, hunyweka mapema kidogo. Upande wa mashariki na kusini, Serralunga d'Alba na Monforte d'Alba, udongo ni mgumu na mvinyo wake ni mgumu pia. Ndio wa kusubiriwa. Jina la shamba likiandikwa, kama Vigna Rionda la Serralunga au Brunate linaloanzia La Morra hadi Barolo, ujue zabibu zimetoka hapo. Lakini usidhani chupa isiyo na jina la shamba ni ya daraja la chini. Bartolo Mascarello, aliyefariki mwaka 2005, alichanganya zabibu za mashamba yake yote maisha yake yote, kama walivyofanya wazee, na watu waliunyenyekea mvinyo wake.

Kisha kuna mkono wa mtengenezaji, na hapa Langhe ina kisa chake. Kwa vizazi na vizazi Barolo ilikaa muda mrefu pamoja na maganda yake wakati wa kuchachuka, kisha ikalazwa kwenye mapipa makubwa ya mwaloni yaliyotumika kwa miongo. Ilihitaji subira ya mzee. Mwaka 1983 kijana wa La Morra, Elio Altare, aliyekuwa ametembelea Burgundy nchini Ufaransa na kuona wenzake wanavyouza, alichukua msumeno wa mota akayakatakata mapipa ya baba yake, akaleta madogo ya Kifaransa ya lita 225. Baba yake alimnyima urithi. Lakini kijana na wenzake walitengeneza Barolo laini zaidi, ya kunyweka mapema, yenye harufu ya vanila ya mbao mpya, na ulimwengu ukawafuata. Mascarello alikuwa upande wa pili wa ugomvi huo, na hakuuficha: aliuchora hadi kwenye lebo.

Siku hizi wengi wameketi katikati. Ila kwa mwenye nia ya kuweka, kambi ya mapipa makubwa ndiyo ninayoiamini. Mbao mpya zikizidi, huufunika mvinyo ukiwa mchanga, na si mara zote huondoka uzeeni. Mfano mkubwa wa kambi hiyo ni Monfortino ya Giacomo Conterno, inayolala kwenye mapipa makubwa kwa miaka kama saba kabla ya kuuzwa. Bei yake ni ya kuangalia tu. Naitaja ili ujue kilele kiko wapi.

Mwaka wa mavuno usiuchukulie kama mapambo. 2010 na 2016 ilikuwa miaka ya majira marefu yasiyo na papara, na mvinyo wake una kila kitu cha kuzeekea. 2014 mvua ilisumbua. 2017 kulikuwa na joto na ukame, na Barolo zake nyingi zinanyweka mapema zaidi. Mwaka "mdogo" nao una faida: ni wa kunywa wakati unasubiri ule mkubwa.

Nikilazimishwa kutoa muda, nitasema hivi, nikihesabu kutoka mwaka wa mavuno. Mvinyo ulioandikwa Langhe Nebbiolo, ndugu mdogo wa Barolo, kunywa kati ya mwaka wa 2 na wa 6. Barolo ya kawaida ya mtengenezaji mwaminifu, kati ya wa 8 na wa 15. Barolo ya shamba moja la Serralunga au Monforte kutoka mwaka mzuri, usiiguse kabla ya wa 12, na ikitunzwa inaweza kufika 30. Katikati hapo mvinyo huwa na kipindi cha kununa, aghalabu miaka michache baada ya kutiwa chupani, ambapo harufu hujificha na ukakasi unabaki peke yake. Ukiufungua wakati huo usiutupie lawama. Mimina kwenye jagi pana uache upate hewa saa tatu au nne.

Yote hayo yanategemea jambo moja ambalo sisi wa ukanda wa joto hatuwezi kulikwepa. Mvinyo unaowekwa unataka nyuzi 12 hadi 14 za sentigredi, giza, unyevu wa asilimia 70 hivi, na utulivu. Ghala la chini ya ardhi huko Piemonte linatoa hayo bure. Sebule ya Dar es Salaam au Mombasa inatoa nyuzi 28 na zaidi. Wanakemia wana kanuni ya jumla kwamba kila joto likipanda nyuzi 10, mabadiliko ndani ya kitu huenda kasi karibu mara mbili. Kwa hesabu hiyo, chupa iliyokaa kwenye nyuzi 28 inazeeka karibu mara tatu ya ile iliyolala kwenye 13.

Kuna anayesikia hivyo akafurahi: basi nitapata Barolo ya miaka 30 kwa miaka 10! Haiji hivyo. Joto haliharakishi kila kitu kwa kiwango kimoja. Tunda hupikwa kabla tanini hazijatulia, harufu ya waridi inapotea, inabaki ladha ya jemu na zabibu kavu, na ukakasi uko palepale. Zaidi ya hayo, mvinyo ukipashwa hutanuka ukasukuma kizibo. Ukipoa hujikunja ukavuta hewa. Chumba chenye kiyoyozi cha usiku tu kinaurudia mchezo huo kila siku, na nadhani ni kibaya kuliko chumba chenye nyuzi 24 zisizobadilika.

Unayeishi pwani na unataka kuweka zaidi ya mwaka mmoja, nunua friji ya mvinyo au acha. Sisemi kwa ukali. Friji ndogo ya chupa 12 hadi 20 inatosha familia, iwekwe mahali pasipopigwa na jua, na umeme ukikatika saa kadhaa usiufungue mlango. Friji ya kawaida ya jikoni ni baridi mno na kavu, lakini kwa miezi michache ni salama kuliko kabati. Funga chupa kwa gazeti na uilaze rafu ya chini. Walioko Nairobi, Iringa, Mbeya au Lushoto wana bahati ya mwinuko. Kabati la ndani lisilogusa ukuta wa nje, sakafuni na mbali na jiko, linaweza kulinda chupa nzuri kwa miaka kadhaa. Chupa yenye kizibo cha gome la mti ilazwe ubavu, kizibo kibaki na unyevu. Yenye kifuniko cha kuzungusha isimame au ilale, ni hiari yako.

Wakati wa kununua, fanya ukaguzi kwa vidole. Chupa iliyosimama dirishani mwa duka, jua likiipiga, iache hata ikipunguzwa bei nusu. Pitisha kidole juu ya kizibo: kikiwa kimeinuka na kuisukuma foili, chupa ilishapata joto. Tazama mvinyo umefika wapi shingoni, ulinganishe na chupa jirani. Iliyopungua kuliko wenzake ilivuja au kizibo chake ni dhaifu. Michirizi inayonata chini ya foili ni habari hiyohiyo. Muulize mwenye duka mzigo wake ulisafirije na unalala wapi. Mfanyabiashara anayejua kazi yake hulifurahia sana swali hilo. Na mtu akikuambia ununue chupa kama uwekezaji wa kuuza baadaye, jua kwamba soko hilo linadai uthibitisho wa ilikokaa chupa tangu itoke kwa mtengenezaji, na kabati lako si uthibitisho.

Siku ya kuufungua ikifika, chupa kuukuu isimamishe wima tangu jana yake ili mashapo yashuke. Kizibo cha miaka 20 huvunjika. Kizibuo chenye miguu miwili inayoingia pembeni ni bora kuliko cha kuzungusha. Washa tochi ya simu nyuma ya shingo, mimina polepole bila kusita kwenye jagi, na uone wingu la mashapo linapokaribia shingo ndipo uache. Kinachobaki, vidole viwili hivi, kinafaa mchuzi. Barolo changa ipe hewa saa mbili hadi nne. Ya miaka 25 onja kwanza, maana hewa nyingi inaweza kuimaliza mezani kabla hamjaketi.

Wale wanaosisitiza kwamba mvinyo mwekundu hunywewa kwa joto la chumba wanazungumzia vyumba vya Ulaya vya zamani. Barolo inataka nyuzi 16 hadi 18. Iliyokuwa mezani Dar es Salaam iingize friji ya kawaida nusu saa kabla ya kumimina; ikiwa vuguvugu, pombe yake ya asilimia 14 au 15 itapanda puani na harufu ya waridi hutaiona.

Chakula: nyama yenye mafuta ndiyo rafiki wa tanini. Ubavu wa ng'ombe uliochemshwa taratibu hadi ukaachana na mfupa, mbuzi wa kuchoma, pilau ya nyama isiyo na pilipili. Pilipili huufanya ukakasi uwake, na samaki wa kupaka hana ugomvi na mvinyo mwingine ila huu. Ukitaka kunywa kitu na samaki, mvinyo mweupe wa Dodoma uliopoa vizuri utakutendea haki zaidi, tena kwa sehemu ndogo ya bei.

Limebaki ombi linalonijia mara kwa mara: mtoto amezaliwa, wazazi wanataka chupa ya mwaka wake waifungue siku ya harusi yake. Ni desturi nzuri, lakini usijifunge na Barolo kwa nguvu. Mtoto wa 2016 ana bahati, Barolo na Bordeaux za mwaka huo zote zina miguu ya safari hiyo. Kwa mtoto wa 2014 mimi ningeiacha Barolo, nikatafuta Bordeaux. Wa 2015 au 2017 ningemtafutia mchanganyiko wa Cabernet wa Stellenbosch kama Paul Sauer ya Kanonkop, ambao hupatikana kwetu kwa urahisi zaidi na umethibitika kukaa miongo miwili. Kwa wote hao, chukua chupa ya lita 1.5 ukiweza. Shingo na kizibo chake ni karibu sawa na vya chupa ya kawaida, ila mvinyo ni mara mbili, hivyo hewa inayopenya hugawanywa kwa wingi na uzee huja taratibu. Na kama huna friji, mpelekee shangazi aliyeko Lushoto akutunzie.